Kukanusha si Kukashifu

Mwaka 2000, mjini Morogoro, mhubiri mmoja wa Kiislamu alisimama hadharani akasema Yesu si mwana wa Mungu. Hakuwa amelewa wala hakushika jiwe. Alikuwa akihubiri. Akakamatwa, akafikishwa mahakama ya wilaya, akatiwa hatiani kwa kosa la kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za wengine, akafungwa miezi 18. Jina lake ni Hamisi Rajabu Dibagula. Wanasheria wanalijua kutokana na kesi yake. Sisi wengine tumeshalisahau, na hapo ndipo ugomvi wangu na Waislamu wenzangu unapoanzia.

Hebu tulitazame kosa lenyewe. Mtoto wa Kiislamu, kabla hajajua kufunga kamba za viatu, huwa ameshahifadhi Qul huwallahu. Ni sura fupi ya aya nne, na nusu ya ujumbe wake ni kukataa kwamba Mungu ana mwana au mzazi. Tunaisoma alfajiri kwa kipaza sauti, na kanisa liko mtaa wa pili. Kama alichosema Dibagula ni jinai, basi maimamu wote wa nchi hii ni wahalifu wa kila siku. Na Wakristo je? Kila Jumapili wanakiri kwa sauti moja kwamba Yesu ni mwana wa pekee wa Mungu, jambo ambalo masikioni mwa Muislamu ni shirki, dhambi isiyo na mfano. Kwa kipimo kile kile, kwaya nzima ingestahili karandinga.

Agosti 2001 Waislamu waliandamana Dar es Salaam kudai aachiwe, wakatawanywa na polisi, wengi wakalala mahabusu. Mahakama Kuu ilipunguza adhabu kiasi cha yeye kutoka gerezani, lakini hatia ikabaki. Ilibidi shauri lifike Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2003 iliifuta hatia yenyewe. Sheria inataka ithibitike kwamba msemaji alikusudia kuumiza hisia za mtu, na mahakama haikuona uthibitisho huo kwa mtu aliyekuwa akieneza yale ambayo dini yake inamfundisha. Katiba yetu, ibara ya 19, inasema kazi ya kutangaza na kueneza dini ni huru. Mtu haenezi dini pasipo kusema nyingine imekosea. Kama zote ziko sawa, ya nini kuhangaika na spika juani?

Nakiri kwamba mimi ni mtoto wa mihadhara. Aliyekulia Dar es Salaam miaka ile anaijua: baada ya alasiri, kiwanja cha vumbi, turubai, meza moja, na Biblia iliyochomekwa vipande vya karatasi mpaka ikavimba. Mhadhiri hasomi mwenyewe. Ana msomaji wake, mara nyingi kijana mwenye sauti kali, anayeambiwa fungu na aya. Anaposoma, mhadhiri anamkatiza: "Rudia hapo!" Anarudia. "Rudia tena!" Anarudia. Watu wanajibu kwa takbira. Mtindo huu uliota Kigoma katika miaka ya 1980, kwa Ngariba Mussa Fundi na Mohammed Ali Kawemba, waandishi wa kijitabu cha Uislamu katika Biblia, na ulipata mbolea kutoka Durban kwa mhubiri Ahmed Deedat, ambaye kanda zake za video zilitazamwa kwenye sebule za Kariakoo kama filamu za karate. Wenyewe waliuita mlingano wa dini.

Wengi hawakumbuki kwamba Wakristo nao walihudhuria. Walikuja na Biblia zao, wakapewa kipaza sauti, wakauliza. Wengine walijibu vizuri kiasi cha kumfanya mhadhiri avute muda kwa kunywa maji. Baadaye upande wao nao ukafungua viwanja vyake, wakasimama watu waliodai kuwa waliwahi kuwa masheikh, wakifungua Qur'ani kwa mtindo ule ule wa rudia hapo.

Ningekuwa mwongo nikisema yote yalikuwa hoja. Kulikuwa na kejeli. Kulikuwa na vichekesho kuhusu mkate wa ushirika na kuhusu mapadri wasiooa, na mimi nilicheka. Upande wa pili kulikuwa na vichekesho kuhusu wake wa Mtume (S.A.W.), na tulipovisikia hatukucheka. Tulisema dini yetu imekashifiwa. Neno hilo, kashfa, ndilo lililobeba miaka ya 1990 yote: kashfa za dini. Lilitumika kwa tusi na kwa hoja bila ubaguzi. Aliyesema Yesu si Mungu alikashifu. Aliyemtania Yesu naye alikashifu. Lugha yetu ina maneno mawili, kukanusha na kukashifu, na ni mambo mawili, lakini polisi walikuwa na daftari la neno moja.

Februari 1998 matokeo yake yalionekana katika msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam. Palikuwa na malalamiko kwamba msikitini pale Ukristo unakashifiwa. Polisi wakaja, vurugu zikazuka, risasi zikapigwa, watu wakafa. Miaka miwili baadaye Hamza Njozi, mwalimu wa chuo kikuu, akaandika kitabu kuhusu mauaji yale, na serikali ikakipiga marufuku.

Hapo kwenye marufuku ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kitabu cha Salman Rushdie, The Satanic Verses, kilipotoka mwaka 1988, nchi nyingi zilikizuia, Tanzania na Kenya zikiwemo. Tulishangilia. Tuliona dola imetuheshimu. Haikutupitia akilini kwamba tumeikabidhi dola kalamu nyekundu na kuisifu kwa mwandiko wake mzuri. Kalamu iliyomfuta Rushdie ili tufurahi ndiyo iliyomfuta Njozi ili tunyamaze. Huwezi kuazima panga la mwenyewe kisha ukashangaa anapolidai.

Sheria iliyomfunga Dibagula nayo haikuotea kwetu. Ni kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, na nasaba yake inakwenda hadi India. Waingereza walipoitungia India kanuni ya makosa ya jinai mwaka 1860, waliweka kifungu dhidi ya anayetamka neno, kutoa sauti au kufanya ishara kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mtu. Hofu yao haikuwa Mungu kutukanwa. Walikuwa wachache wakitawala Wahindu na Waislamu mamilioni, na ghasia zilikuwa gharama. Walipoichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani waliitumia hapa kanuni hiyo ya India, mpaka ilipotungwa ya Tanganyika mwaka 1930, na kifungu kikahamia humo karibu kama kilivyo. Tumerithi dawa ya mgonjwa mwingine, iliyoandikwa na daktari aliyekuwa akiwaogopa wagonjwa wake.

Huko India kwenyewe dawa ile ilionekana haitoshi. Mwaka 1924 kijitabu cha kumdhihaki Mtume kilichapishwa Lahore. Mahakama ikamwachia mchapishaji kwa sababu sheria haikumgusa, hasira zikapanda, na mwaka 1927 Waingereza wakaongeza kifungu kipya kikali zaidi. Mchapishaji hakupona hata hivyo. Mwaka 1929 kijana mmoja alimchoma kisu akamuua, na kijana huyo akanyongwa mwaka huo huo. Pakistan ilipozaliwa iliirithi kanuni hiyo, na katika miaka ya 1980 chini ya Jenerali Zia ul-Haq ikaongezewa vifungu vingine, hadi kile cha mwaka 1986 kinachoweka adhabu ya kifo kwa anayemvunjia Mtume heshima.

Tunajua kilichofuata. Asia Bibi, mwanamke Mkristo aliyekuwa kibarua wa shamba, aligombana na wenzake kuhusu maji ya kunywa mwaka 2009. Ugomvi wa kisimani ukageuka kesi ya kumtukana Mtume, akahukumiwa kunyongwa mwaka 2010. Gavana wa Punjab, Salmaan Taseer, aliyemtetea na kuikosoa sheria, alipigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe Januari 2011. Mwezi Machi akauawa waziri Shahbaz Bhatti kwa sababu hiyo hiyo. Mahakama ya Juu ilimwachia mama huyo Oktoba 2018 kwa kuwa ushahidi haukuwepo. Alikaa karibu miaka minane akingoja kitanzi, na watu wawili wakazikwa, kwa maneno ambayo hayakuthibitishwa kusemwa.

Cha ajabu, Waislamu wengi wa Pakistan ni wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, na Abu Hanifa mwenyewe hakuona hivyo. Kwake, asiye Muislamu anayeishi chini ya ulinzi wa dola ya Kiislamu hauawi kwa tusi peke yake, kwa sababu ukafiri wake ni mkubwa kuliko tusi lake, na ukafiri huo ameruhusiwa kuishi nao. Anatiwa adabu, basi. Wanazuoni wengine walimpinga, na sisi Mashafi wa pwani madhehebu yetu ni kali zaidi. Lakini ina maana kwamba jambo hili lilikuwa uwanja wa hoja tangu karne ya pili ya Hijria, kabla hajatokea wa kulifanya lionekane kama nguzo ya sita ya dini.

Nirudi kwenye Sira, yaani habari za maisha ya Mtume, maana ndugu zangu watasema nimewasikiliza wanasheria kupita kiasi. Wajumbe wa Kikristo kutoka Najran walikuja Madina kuonana na Mtume. Wanahistoria wa mwanzo wanasimulia kwamba waliingia msikitini kwake, wakati wa ibada yao ulipofika wakasali humo humo, na Mtume akazuia wasibughudhiwe. Kisha wakajadiliana kuhusu Issa. Wakasema yale yale wanayosema Wakristo leo, mbele ya Mtume mwenyewe, ndani ya msikiti wake, naye ndiye mwenye dola. Waliposhindwa kuafikiana, sura ya Aal Imran inataja kilichopendekezwa: kila upande umwombe Mungu alaani waongo. Wajumbe wakakataa maapizo, wakafanya mkataba, wakarudi kwao salama. Hakimu wa Morogoro angewafunga.

Hudaybiyya ni karibu zaidi na jambo letu. Mkataba kati ya Mtume na Makuraishi wa Makka unaandikwa, mjumbe wao Suhayl bin Amr anakataa Muhammad aitwe Mtume wa Mungu: tungeamini hivyo tusingekupiga vita, andika jina lako na la baba yako. Ali, aliyekuwa mwandishi, hakuweza kulifuta neno hilo. Mtume akaonyeshwa lilipo, akalifuta mwenyewe. Nimesikia kisa hiki kwenye maulidi mara nyingi kikisimuliwa kama mfano wa subira. Ni zaidi ya subira. Ni kukubali kwamba asiyeamini ana haki ya kutoamini kwa maandishi, usoni pako, na bado mkaweka saini pamoja.

Najua jibu litakalokuja: na Ka'b bin al-Ashraf? Ni kweli, mshairi huyo aliuawa Madina, na wanaotaka adhabu ya kifo humtanguliza. Lakini alivunja mkataba, akaenda Makka baada ya vita vya Badr kuwachochea Makuraishi walipize kisasi. Wapo wanaosema mashairi yake ndiyo yaliyomponza. Mimi nawaona wanaomtia kwenye kundi la wahaini wa vita kuwa na nguvu zaidi. Na Qur'ani yenyewe, katika sura ya Nisaa na ya An'aam, inaeleza cha kufanya unapoyasikia maneno ya Mungu yakichezewa: usikae nao mpaka wabadilishe mazungumzo. Unaondoka, na milango ya mazungumzo mengine inabaki wazi. Sura hiyo hiyo ya An'aam inatukataza sisi kutukana wanavyoviabudu wengine, wasije wakamtukana Mungu kwa kutojua. Mihadharani aya hiyo tuliipita haraka.

Haya yote hayapunguzi maumivu. Wako marafiki zangu wasio Waislamu wanaoniuliza kwa nini katuni izue moto. Mimi huwajibu kwamba sisi hatutaji jina la Mtume bila kumswalia. Tunawapa watoto jina lake. Tunasoma Barzanji wakizaliwa. Dhihaka dhidi yake inaingia nyumbani kama dhihaka dhidi ya mama. Profesa Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, alipozungumza kuhusu kitabu cha Rushdie katika chuo cha Cornell, Marekani, mwaka 1989, aliwaeleza Wamarekani kwa lugha waliyoielewa: nyinyi mnakiita uhaini pale mtu anapolisaliti taifa; kwa Muislamu umma ndio taifa. Na alikuwa na haki ya kuwakumbusha kwamba nao wana vitakatifu vyao. Ufaransa, inayojivuna kwa uhuru wa katuni, tangu mwaka 1990 imekuwa na sheria inayomwadhibu anayekana mauaji ya Wayahudi. Denmark, ambako gazeti la Jyllands-Posten lilichapisha katuni 12 kuhusu Mtume mwaka 2005, ilifuta sheria yake ya kukufuru mwaka 2017, kisha Desemba 2023 ikapitisha nyingine inayokataza kuchoma misahafu hadharani. Hakuna uhuru wa kusema usio na ukuta mahali fulani. Ila maumivu ni yetu kuyabeba, na anayeyabeba kwa kisu, kama yule aliyemchoma Rushdie Agosti 2022 katika jimbo la New York, miaka zaidi ya 33 baada ya fatwa ya Khomeini wa Iran ya kutaka auawe, amefanya mamilioni wakitafute kitabu ambacho kilikuwa kimeanza kusahaulika rafuni.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na njia nyingine. Mwaka 1923 Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana aliyeishi Zanzibar, alitoa tafsiri ya kwanza kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili. Haikuwa zawadi. Ilisheheni maelezo ya kuwaonyesha Wakristo namna ya kuipinga. Kama kuna kitabu kilichostahili kuitwa kashfa pwani nzima, ni hicho. Masheikh hawakukichoma. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, kadhi wa Mombasa na baba yake Profesa, alianza kutafsiri mwenyewe, akafariki mwaka 1947 kazi haijaisha. Mwaka 1953 Waahmadiya wakatoa yao, ikawaudhi masheikh upya. Ndipo Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, Mzanzibari, akaketi na kuandika. Qurani Takatifu yake kamili ilitoka mwaka 1969, na katika maelezo yake anawajibu wote wawili, mmisionari na Muahmadiya, kwa majina, kwa ukali, wakati mwingine kwa kejeli ya Kiunguja inayochekesha hadi leo. Nani anayemsoma Dale sasa? Tafsiri ya al-Farsy imo katika nyumba za Waislamu kuanzia Lamu hadi Kigoma.

Tuiweke hiyo pembeni ya Oktoba 2012. Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili wanabishana. Mmoja anasema anayeukojolea msahafu atapatwa na balaa. Mwenziwe, Mkristo wa miaka 14, anataka kuhakikisha. Anaukojolea. Habari inafika mitaani, Ijumaa watu wanakizingira kituo cha polisi wakitaka wapewe mtoto, wakikosa wanakwenda kuvunja na kuchoma makanisa. Nilishika kichwa. Al-Farsy alitumia miaka ya maisha yake kumjibu kasisi msomi. Sisi tulishindwa kumjibu mtoto wa shule, ambaye swali lake, kwa ubaya wake wote, lilianzishwa na mwenzake aliyemtisha kwa ushirikina. Msahafu ni karatasi na wino, unaheshimiwa kwa kuwa umebeba maneno ya Mungu. Maneno yenyewe yako vifuani mwa mahafidhi, na mkojo wa mtoto haufiki huko.

Simtetei anayedhihaki. Mhadhiri anayemtania Yesu, ambaye kwetu ni Nabii Issa na kumtania ni kujitoa kwenye Uislamu wako mwenyewe, ana aibu ya kubeba, na anayemtania Mtume vivyo hivyo. Wazee wa mtaa, padri na sheikh wanaofahamiana kwa simu, na wasikilizaji wanaonyanyuka na mikeka yao, wana uwezo mkubwa wa kumnyamazisha. Anayesema choma kanisa, choma msikiti, ua huyu, huyo ashtakiwe, na zipo sheria za uchochezi na vitisho vya kutosha kumshtaki. Lakini hisia zilizoumizwa hazina mizani. Mwenye hisia ndiye shahidi, ndiye kipimo, na kwa kawaida ndiye aliye karibu zaidi na mkuu wa kituo. Leo ni padri, kesho ni sheikh wa madhehebu yenye nguvu dhidi ya Mshia au Muahmadiya, keshokutwa ni mkubwa asiye na dini yoyote ila cheo.

Baada ya hukumu ya mwaka 2003 kulikuwa na nafasi ya kulimaliza. Mahakama iliweka mpaka wa nia, Bunge halikuufuata kwa kukiondoa kifungu, na polisi wa kata hasomi hukumu za rufani kabla ya kutoa pingu. Kifungu kingali kwenye Kanuni ya Adhabu. Naomba kifutwe, na naomba wa kwanza kusimama kuomba hivyo wawe masheikh na wanasheria wa Kiislamu, kabla ya wanaharakati, kabla ya maaskofu. Sisi ndio tulioandamana Agosti ile kwa sababu yake. Sisi ndio tuliolala mahabusu.